Nilivyotolewa sehemu ya taya la chini, na maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Uvimbe wa taya usiouma ndio unaochelewesha watu. Jino likiuma utakesha, na kukipambazuka utamtafuta daktari hata kwa kukopa. Lakini taya linalofura polepole, bila homa wala usaha, mtu hulizoea. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, na wateja ndio waliokuwa wakiniuliza, "Fundi, mbona shavu moja limezidi lingine?" Nikiwajibu ni jino, na kazi ikiendelea.

Tangu nitoke hospitalini nimekuwa nikitafutwa na watu nisiowajua, kila mmoja ana ndugu aliyeambiwa atakatwa taya. Wote huanza na swali moja: atakula nini? Ni swali la haki na nitalijibu. Ila lipo linalopaswa kulitangulia: mfupa ukishatolewa, mahali pake pataingia nini, lini, na kwa pesa zipi? Nimeona wagonjwa waliofanyiwa upasuaji mzuri kabisa wakabaki na pengo kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema.

Kwangu ilianza na gego la nyuma, upande wa kushoto, kulegea. Zahanati ya kwanza waliling'oa bila eksirei, nikapewa vidonge vya antibiotiki nikarudi nyumbani. Shimo la jino lilichelewa kufunga na uvimbe ukabaki palepale. Kliniki ya pili walipasua ufizi, wakakwangua ndani, wakasema ni kifuko cha maji tu. Walichokwangua kikaishia kwenye ndoo ya taka. Shavu lilishuka, nikashukuru, na baada ya miezi likaanza kupanda tena. Safari hii nikibonyeza ufizi kwa nje kwa kidole nasikia mfupa ukibonyea na kutoa mlio mdogo wa kukwaruza. Mfupa mzima haubonyei. Ukisikia hivyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Jambo hilo la kutupa nyama bila kuipima bado linaniuma. Chochote kinachotolewa kwenye taya lako, omba kipelekwe maabara, na omba nakala ya majibu hata kama itabidi ulipie zaidi. Ningepata jibu sahihi mara ya kwanza, kipande kilichokatwa baadaye pengine kingekuwa kifupi.

Mtaani ushauri haukukosa. Wapo walionishauri kukanda kwa maji ya chumvi, na wapo walionong'ona kwamba nimetupiwa kitu. Shangazi yangu, aliyewahi kufanya kazi ya usafi hospitalini kwa miaka mingi, ndiye aliyekata maneno. Nilikuwa nimekwenda kumwamkia. Aliitikia "marahaba", akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mwanangu, hili si jino. Kesho twende."

Tulikwenda hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyo kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Ukitoka mjini, matatu za 46 zinapita huko. Ni mahali pa kufundishia, kwa hiyo jiandae kutazamwa mdomo na madaktari wanafunzi kadhaa kabla mwalimu wao hajafika. Mimi sikuona ubaya. Kila aliyetazama aliuliza swali ambalo mwenzake hakuuliza, na yote yaliandikwa kwenye faili.

Eksirei waliyonipiga si ile ndogo ya jino moja. Unasimama, unauma kijiti kidogo cha plastiki, unatulia tuli, na mashine inakuzunguka kichwa. Picha inatoka na mataya yote mawili, kutoka sikio hadi sikio. Hii ndiyo eksirei ya kuomba taya likifura, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na yatakayofuata ukiiruka. Kwenye picha yangu, mfupa wa kushoto ulikuwa umejaa vyumba vyeusi kama sega la asali, na mizizi ya magego mawili ilikuwa imelika hadi ncha. Baadaye nilipigwa skani ya CT ili daktari aone uvimbe umesukuma mfupa hadi wapi kwa ndani, upande wa ulimi.

Kisha wakakata kipande kidogo cha nyama kwa ganzi ya kawaida, kikaenda maabara. Kungoja majibu ndiko kulikonichosha kuliko kisu chenyewe. Usiku nilikuwa napapasa taya gizani nikijaribu kupima kama limekua.

Majibu yalisema ameloblastoma. Daktari bingwa wa upasuaji wa mdomo na uso alinieleza taratibu, Shangazi akiwa kando yangu. Ni uvimbe unaoanza kwenye chembechembe za aina ile inayotengeneza meno tukiwa wadogo. Mara nyingi hutokea taya la chini, nyuma karibu na magego ya mwisho, na huwapata zaidi watu wazima ambao bado ni vijana. Hausababishwi na kula kitu fulani, wala na kung'oa jino. "Mama, hii si saratani," aliniambia, "lakini tabia yake ndani ya mfupa si ya kuchezewa. Inajipenyeza." Nikamuuliza kwa nini asikwangue tena, vizuri zaidi. Alichukua ile picha akanionyesha ukingo wa sega. Alisema chembechembe zake huingia kwenye mfupa unaoonekana mzima, kupita pale eksirei inapoonyesha mwisho, na ndiyo maana ukikwanguliwa hurudi mara nyingi. Kwa aina yangu, mfupa hukatwa ukiwa na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kila upande. Mionzi haitegemewi sana kuutibu.

Hapo ndipo watu wengi hunyamaza, kwa sababu kichwani limebaki neno "kukatwa". Mimi ningenyamaza pia. Shangazi ndiye aliyeuliza, "Daktari, halafu hapo pataekwa nini?" Swali hilo ndilo lililobadilisha kila kitu.

Zipo njia kadhaa, na nitazieleza nilivyozielewa, maana ukizijua unaweza kuzungumza na daktari wako badala ya kumsikiliza tu. Ya kwanza ni bamba la titaniamu linalofungwa kwa skrubu kwenye ncha mbili za mfupa uliobaki. Linashikilia umbo la uso na kuzuia taya lisivutwe upande mmoja. Lakini bamba peke yake si taya. Likikaa miaka bila mfupa chini yake linaweza kuvunjika kwa kutafuna, au likatokeza kwenye ngozi. Ya pili ni mfupa wa nyonga. Huchukuliwa kipande pale juu unaposhika kiuno, kinapandikizwa kwenye pengo. Hufaa pengo fupi, lisilozidi kama sentimita 6, kwa sababu mfupa huo huja bila mishipa yake ya damu na lazima ulishwe na nyama ya pale unapowekwa. Ya tatu ni fibula, ule mfupa mwembamba wa mguu ulio kando ya muundi. Huu huhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, na mishipa hiyo huunganishwa na ya shingo chini ya hadubini. Unaweza kujaza pengo refu sana. Hata ukitolewa utatembea, kwani madaktari huacha sentimita 6 hadi 8 upande wa goti na vivyo hivyo upande wa kifundo. Lakini ni upasuaji unaoweza kuchukua muda wa saa 8 hadi 12, unaotaka timu mbili na kitanda cha uangalizi wa karibu, maana mshipa ukiziba siku za mwanzo, kazi yote inaharibika.

Pengo langu lilikuwa linaanzia karibu na chonge hadi kona ya taya, na kifundo cha taya kilichoko mbele ya sikio kingebaki. Daktari alishauri bamba kwanza, kisha mfupa wa nyonga baada ya miezi, ufizi ukiwa umefunga kabisa. Mfupa usio na mishipa yake ukilowana mate kupitia kidonda wazi huoza kwa urahisi. Nilimwambia kazi yangu ni kukanyaga cherehani. Aliandika hilo kwenye faili, na tukakubaliana mfupa utoke nyonga ya kushoto kwa sababu mguu wangu wa kulia ndio unaobeba kazi. Mwambie daktari unafanya kazi gani. Bawabu anayesimama kutwa na mwalimu anayesema kutwa hawana hasara sawa.

Sasa pesa. Tulipokuwa tukipanga, SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilikuwa imeshachukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024. Sisi tusio na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba, mchango ni asilimia 2.75 ya kipato na hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na sisi wa kujitegemea tunatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Usingoje upewe tarehe ya upasuaji ndipo ujisajili. Hospitali lazima iombe kibali kabla ya upasuaji, na kibali hakitoki kama mchango haujakamilika. Bima ilisaidia sana kwenye kitanda na upasuaji wenyewe. Bamba na skrubu zake lilikuwa jambo jingine. Tuliambiwa tutafute wenyewe, na bei niliyotajiwa mara ya kwanza ilipita laki moja. Mwombe daktari akuandikie aina na ukubwa wa bamba kwenye karatasi yenye muhuri, uende na karatasi hiyo kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na uulize kama wanapokea malipo kwa awamu. Kaka yangu alifanya hivyo na bei ikashuka bila ubora kupungua.

Chama chetu cha akina mama kilichanga, msikiti ukachanga, wateja wakatuma kwa M-Pesa. Mungu awalipe. Ila hesabu ya familia iliishia mlango wa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyehesabu kodi ya kibanda changu kwa miezi nisiyoshona, wala blenda, maziwa, nauli za kubadilisha bandeji, na teksi, kwa sababu kwenye matatu kila tuta la barabara hutikisa taya. Ukifanya mchango, tenga fungu la baada. Kwa uzoefu wangu halikosi kufika theluthi ya zote. Tafuteni pia wachangiaji damu mapema. Vijana wa mtaani wako tayari wakiambiwa wiki moja kabla. Wakiambiwa asubuhi yenyewe, huyu amefunga, huyu ana mafua.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusimulia. Ni nusukaputi, mrija wa pumzi ukapitia puani ili mdomo ubaki wazi kwa madaktari, na nilipoamka palikuwa usiku. Kovu langu liko chini ya taya, kwenye mkunjo wa shingo. Nilikuwa na mrija wa kutoa damu shingoni na mrija mwembamba wa chakula puani. Uso ulikuwa umefura hata jicho la kushoto halifunguki vizuri. Ndugu, msilie mbele ya mgonjwa siku hiyo. Uvimbe huo unashuka.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja ambaye kwake kidevu chote kilitolewa na fibula ikawekwa. Yeye alitobolewa tundu kooni la kupumulia. Nilishtuka nikidhani ameharibikiwa, hadi sista alipotueleza: misuli ya ulimi imejishikiza nyuma ya kidevu, kidevu kikitolewa ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa, kwa hiyo tundu huwekwa kwa usalama na baadaye hufungwa. Kama uvimbe wa mtu wako uko mbele, ulizeni hilo mapema ili msije mkalikuta ghafla.

Hatukuweza kusema, yeye na mimi, tukawa tunaandikiana. Beba daftari na kalamu mbili. Simu huisha chaji, na mikono yenye sindano ya maji haichapi vizuri.

Chakula, basi. Mwanzo ni mrija. Uji mwepesi, maziwa, supu ya mifupa, ndizi na kuku waliosagwa kwenye blenda na kupitishwa kwenye chujio la chai. Usipochuja, kauzi kamoja ka nyama kanaziba mrija, na kuwekwa mwingine puani hakupendezi. Keti wima wakati wa kulishwa na nusu saa baadaye. Kila mlo ukiisha, sukuma maji safi kwa bomba la sindano hadi mrija uonekane mweupe. Dada yangu aliandika ratiba ukutani, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, na bado nilikonda hadi madera yangu nikayapunguza mwenyewe. Ongeza siagi ya karanga na mafuta kwenye uji. Usione haya kula kama mtoto, mwili unajenga.

Mrija ulipotoka nilijaribu mrija wa soda, sikuweza. Kuvuta kunahitaji midomo inayofunga, na wangu wa kushoto haukufunga. Kilichonifaa ni kikombe cha mtoto chenye kidomo. Baada ya kila mlo nilisukutua kwa maji ya chumvi, polepole, nikiinamisha kichwa upande wa kulia.

Mdomo huo una habari yake. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu unapita ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ukikatwa huenda nao. Niliambiwa kabla, nikatia sahihi, lakini kuambiwa si sawa na kuishi nao. Chai ya moto niliinywa nikajua imeniunguza kwa kuona lengelenge kwenye kioo. Uji ulikuwa ukinichuruzika kidevuni mbele ya wageni bila mimi kuhisi. Na pini! Sisi mafundi hushika pini midomoni tukimpima mteja nguo. Siku niliyorudi kibandani nilizibana kama kawaida, nikageuka kuchukua futi, mteja akashtuka: pini mbili zilikuwa zimeanguka kwenye blauzi yake na moja ilikuwa imenichoma mdomo, damu inatoka, mimi sina habari. Sasa nina kifuko cha pini cha kuvaa mkononi. Kula ukiwa na kioo kidogo mezani, pima joto la kinywaji kwa upande mzima, na uwe na leso karibu. Kona ya mdomo iliyokuwa imelegea, hiyo ilirudi baada ya miezi. Ganzi haijarudi na sitegemei irudi.

Mazoezi ya kufungua mdomo usiyaache. Mimi nilianza daktari aliponiruhusu, kwa vijiti bapa vya mbao vile vya kutazamia koo. Unapanga vichache kati ya meno ya juu na ya chini, unatulia, kesho unaongeza kimoja. Inauma na inachosha, na kuna siku nililia. Nilizoacha mazoezi kwa sababu ya maumivu, nilirudi nyuma haraka. Kaa mbele ya kioo pia uhakikishe taya linafunguka moja kwa moja bila kukimbilia upande uliokatwa.

Upasuaji wa pili, wa nyonga, ulinishangaza. Mdomoni sikuumia sana, lakini kutembea! Kucheka, kukohoa, kupanda ngazi, kuinuka chooni, vyote vilipita nyongani. Nyumba yetu ina choo cha kuchuchumaa, na hapo nilihitaji kiti kilichotobolewa ambacho kaka yangu alitengenezesha kwa seremala wa Gikomba. Kipangeni kabla. Cherehani ya miguu nilikaa nayo mbali kwa muda, nikawa nakata vitambaa na kushona vifungo kwa mkono.

Kuhusu kutazamwa, mtandio ulinifunika mwanzoni. Watoto huuliza waziwazi, na nimegundua nikiwajibu kwa utulivu, "nilikuwa na uvimbe, ukatolewa," wanaendelea na michezo yao. Watu wazima ndio wanaotaka kisa kirefu.

Majibu ya maabara ya mfupa uliokatwa yalionyesha kingo zote mbili ni safi. Hiyo ni karatasi ya kutunza pamoja na kitambulisho. Mtu atakuambia kingo zikiwa safi umemaliza, lakini ameloblastoma inaweza kurudi baada ya miaka mingi. Zaidi ya nusu ya zinazorudi huonekana ndani ya miaka 5 ya kwanza, na ufuatiliaji unashauriwa usipungue miaka 10. Mimi napigwa ile eksirei ya mzunguko kila miadi, na picha zote nazihifadhi, za karatasi kwenye bahasha ngumu na nyingine kwenye simu ya Shangazi, kwa sababu hospitali hubadilisha mafaili na madaktari huhama.

Meno bado. Vipandikizi vya kuchimbiwa ndani ya mfupa husubiri mfupa wa nyonga ushike kwanza, kwa kawaida miezi 4 hadi 6, na bei yake kwa sasa iko juu ya uwezo wangu. Nimechagua meno ya kuvua, ingawa daktari amenionya kwamba ufizi wa upande ule ni bapa na hayatashika kama ya upande mwingine. Fundi wa meno ameshachukua kipimo, na ameniomba nije na picha ya zamani niliyotabasamu ili apange meno yafanane na yaliyokuwapo. Shangazi ameipata moja ya harusini.